Baraza la Familia: Sisi wavulana wa Bwiza tulitaka kuwa nani?

  

Miezi hii miwili wazazi wengi wametusimamisha njiani, wengine kwenye bomba la maji, wengine wakitoka msikitini au kanisani, na maneno yao ni yale yale: "Andikeni basi kitu juu ya hawa wavulana wetu. Hawataki shule, hawataki kazi, wanakaa tu chini ya mti." Tukasema haya. Lakini kabla ya kumwandika mtu ni vizuri kumuuliza mwenyewe. Kwa hiyo jioni moja tulikaa na wavulana kumi na wawili, wa miaka 10 mpaka 14, kwenye mchanga wa mto Tarach, pale wanapochezea mpira wakati mto umekauka. Tukawauliza swali moja tu: ukikua unataka kuwa nani?

Watatu walisema mchezaji wa mpira. Mmoja alisema dereva wa boda boda. Mmoja alisema daktari, lakini kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba msamaha. Saba waliobaki walijibu neno moja: "Kuitwa."

Hapa Kakuma hakuna haja ya kueleza neno hilo. Kuitwa ni jina lako kutoka, kesi kupita, ndege kuja, familia kwenda nchi ya tatu. Tukawaambia, sawa, Mungu awajalie, mmeitwa, mmefika huko, sasa huko unataka kuwa nani? Wakatazamana. Mmoja akatujibu: "Si nitakuwa nimeshafika?"

Jibu hilo tulirudi nalo nyumbani. Usiku ule sisi tunaotoka Bujumbura, mtaa wa Bwiza, tulikaa kwenye mkeka na chai ya rangi, tukaulizana: na sisi je, tulipokuwa na umri wao, tulitaka kuwa nani? Tulicheka mpaka majirani wakaja kuona kuna nini. Baadaye hatukucheka. Haya ndiyo tuliyokumbuka.

MTAA WETU NA MTO WETU

Bwiza ni mmoja wa mitaa ya zamani ya Bujumbura, tangu mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura, kabla ya uhuru wa 1962. Uko ubavuni mwa Buyenzi, na kutoka hapo mpaka mjini kati unaenda kwa miguu bila kuchoka. Barabara zake zimenyooka, nasi tuliziita kwa namba: huyu anakaa avenyu ya tatu, yule ya tano. Nyumba zimebanana, na ndani ya ua mmoja mlikaa familia tatu, nne. Katika ua huo ungesikia Kirundi, ungesikia lugha za Wakongo, na Kifaransa cha mtoto anayekariri somo. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha sote, kama kinavyotuunganisha hapa. Mama wa jirani alikuwa na haki ya kukuchapa, na akishakuchapa alikuwa na wajibu wa kukupa chakula.

Upande wa kaskazini unapita mto Ntahangwa. Unashuka kutoka milimani mashariki ya mji, unatenganisha mitaa ya upande wetu na Ngagara, halafu unaingia Ziwa Tanganyika. Wakati wa kiangazi ni mto mpole, unauvuka na maji hayafiki magotini. Tulioga humo, tukafua kaptula moja tuliyokuwa nayo, tukangoja juu ya jiwe mpaka ikauke. Wakubwa walichota mchanga na mawe ya kujengea wakawauzia wenye malori, na sisi wadogo tulipata visenti vya mandazi kwa kuwapangia marundo. Lakini mvua ikinyesha kule mlimani, hata kama mjini jua linawaka, Ntahangwa ilikuja ghafla na rangi ya chai ya maziwa, mawe yanagongana chini ya maji. Ninyi mnaoijua Tarach hamhitaji maelezo. Mto mkavu si mto uliokufa.

Saa za mchana, ofisi zikifungwa na wakubwa wakila na kulala kidogo, mtaa ulitulia kabisa. Hata mbwa walilala. Hizo ndizo zilikuwa saa zetu, maana hapakuwa na wa kututuma. Tulikaa kwenye kivuli cha mwembe, tukapanga maisha yetu yote.

KILA MMOJA NA NDOTO YAKE

Tusiwadanganye, ndoto zetu hazikuwa kubwa. Hakuna aliyesema atakuwa rais. Tulitaka kuwa watu tuliokuwa tunawaona.

Wa kwanza alikuwa shofeli wa kamyo. Kamyo zilikuja kutoka Mombasa zimebeba vumbi la nchi nne. Shofeli alishuka taratibu, hana haraka na mtu, akazunguka gari lake akigonga tairi moja moja kwa kipande cha chuma na kusikiliza mlio. Alijua kwa mlio tu tairi ipi ina upepo kidogo. Sisi, bwana, tulizunguka baiskeli ya jirani tukigonga magurudumu kwa kijiti na kutikisa kichwa: "Hili halifiki Kampala." Magari yetu tuliyatengeneza wenyewe kwa waya na makopo ya samaki, usukani mrefu mpaka kifuani. Mwenye gari lenye usukani unaogeuza magurudumu kweli alikuwa mtu mkubwa pale avenyu.

Wa pili alikuwa fundi cherehani. Alikaa barazani kwake, mita shingoni, pini mdomoni, na wiki ya Idi au ya Noeli hata watu wazito walimbembeleza: "Fundi, usinitupe." Mmoja wetu alikuwa anaenda kukaa chini ya meza yake kuokota vipande vya vitambaa. Alikaa pale siku nyingi mpaka fundi akachoka kumfukuza, akamwambia basi kama upo shika hapa, vuta pale.

Wa tatu alikuwa mchezaji mpira, na hapo tulikuwa wote. Timu ilikuwa Vital'O. Ndugu wa Buyenzi watasema ni yao, na sisi hatutabishana nao kwenye karatasi. Mwaka 1992 Vital'O ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, ikafungwa na Africa Sports ya Côte d'Ivoire. Timu ya kwetu, fainali ya Afrika! Wachezaji wengine tulikuwa tunakutana nao dukani. Tulichezea mpira wa mifuko ya nailoni na kamba za migomba, na kila mmoja alijipa jina la mchezaji. Palikuwa na mwenzetu mmoja asiyejua mpira kabisa, mguu wake ulikuwa kama wa meza, lakini alitangaza mchezo wetu mwanzo mpaka mwisho, mkono mdomoni. Tulimwita Redio. Tulimkataza kucheza lakini bila yeye mechi haikuanza.

Na wa nne alikuwa baharia. Huyo tumweke peke yake.

LIEMBA

Siku meli inapokuja, habari zilifika Bwiza kabla ya meli. Tulitoka wanne, watano, tukakatisha mjini, tukapita kartie Aziatike, mpaka bandarini. Mlinzi alitufukuza, tukazunguka upande mwingine. Mama zetu walitukataza ziwani kwa sababu ya mamba na viboko, na hawakuwa wanatutisha bure, viboko wapo kweli pale. Tulienda tu.

Meli iliyotufurahisha kuliko zote ilikuwa Liemba, iliyokuja kutoka Kigoma. Abiria walishuka na mabegi, na kuku, na magunia ya dagaa, ambao sisi tunawaita ndagala. Mabaharia walikunja mikono ya mashati, wakarusha kamba nene kama paja la mtu mzima, na kamba ile ikafika pale pale walipotaka. Walisema Kiswahili kama chetu. Hilo ndilo lililotuchoma moyo: watu wanaosema kama sisi, na meli ile yote inawasikiliza.

Mzee mmoja wa bandarini alitupa historia yake, na baadaye tulipokua tulikuta alisema kweli. Liemba ilijengwa na Wajerumani mwaka 1913 katika mji wa Papenburg. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam, halafu kwa treni mpaka Kigoma, ikaunganishwa tena huko. Wakati huo jina lake lilikuwa Graf von Götzen. Mwaka 1916, vita ilipowashinda, Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza wakapaka mashine zake mafuta mazito zisioze. Mwaka 1924 Waingereza wakaitoa chini ya maji, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba.

Mwenzetu mmoja aliposikia hivyo alinyamaza njia nzima ya kurudi. Tulipofika kwenye mwembe akasema: "Meli iliyokaa chini ya maji miaka minane ikatembea tena, hiyo ndiyo nitaiendesha mimi." Tangu siku ile jina lake likawa Kapteni. Alijifunza kufunga mafundo ya kamba kwa mvuvi mmoja wa mukeke. Usiku, taa za wavuvi wa ndagala zikiwaka ziwani kama mji mwingine, yeye alizihesabu, anasema nahodha lazima ajue nani yuko majini.

NDOTO ZIKAANZA KUPUNGUA

Darasa la sita kulikuwa na mtihani wa taifa, sisi tuliuita konkuru. Nafasi za sekondari zilikuwa chache na watoto wengi. Wengi wetu hatukupita. Baba mmoja alichukua gari la waya la mwanawe akalikanyaga mbele ya watu, anasema hii ndiyo imekufelisha. Tunamkumbuka mpaka leo, na tunajua alikuwa na uchungu. Lakini siku ile kijana yule aliacha kutengeneza magari, na kusoma pia hakusoma. Baba alikanyaga vitu viwili kwa mguu mmoja.

Halafu mambo makubwa yakaja. Vita iliyoanza nchini Oktoba 1993 iliingia Bwiza na Buyenzi kwa nguvu mwezi wa Machi 1995. Hatutaeleza mengi, maana ukurasa huu unasomwa na watoto, na watu wa pande zote tunaishi hapa pamoja na tunazikana pamoja. Itoshe kusema kwamba watu wengi sana waliweka magodoro kichwani wakashika njia ya Gatumba mpaka Uvira, ng'ambo ya mpaka. Sisi tulikuwa humo. Gari la waya hakuna aliyebeba.

Tulipokuwa Uvira, Agosti 1996, redio ilitangaza kwamba Mrundi amepata dhahabu ya Olimpiki kule Atlanta. Vénuste Niyongabo, mita 5,000. Ilikuwa mara ya kwanza nchi yetu kushiriki Olimpiki. Na kuna jambo tulilolijua baadaye, tunapenda vijana walijue. Mbio alizozizoea Niyongabo zilikuwa mita 1,500. Nafasi hiyo aliiacha kwa Dieudonné Kwizera, mwenzake mkubwa kwa umri, aliyekosa Olimpiki za nyuma kwa sababu Burundi haikuwa na kamati ya Olimpiki. Yeye akaingia kwenye mbio ambazo hakuwa na mazoea nazo, akashinda. Siku ile kambini hatukuwa na unga, lakini wavulana wote walikimbia. Walikimbia tu, hakuna aliyewaambia, wakazunguka mahema mpaka giza.

Miezi miwili baadaye vita ikaingia Uvira pia. Tukavuka ziwa kwenda Kigoma, usiku, kwa mtumbwi. Wengine tulirudi nyumbani miaka ya amani, tukaondoka tena 2015. Njia za kila mtu hatuwezi kuzimaliza, tunazo sote.

KAPTENI ANAPANDA MELI

Mwaka ule wa 2015 simu ililia. Sauti hatukuijua mpaka ilipotaja mwembe. Alikuwa Kapteni. Miaka ishirini hatujasikiana! Yeye alikuwa amerudi Burundi, amekuwa fundi mwashi, ana watoto. Mwezi wa Mei alikimbilia Kagunga, kile kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Wasomaji wetu waliopita pale wanajua: maelfu kwa maelfu ya watu kwenye ufuko mdogo, kipindupindu kikaingia, na barabara hakuna, ni mlima mkali au maji. Na meli iliyokuja kuwatoa watu kuwapeleka Kigoma ilikuwa Liemba.

Alituambia hivi, tunaandika kama tulivyokumbuka. Kagunga hakuna gati. Meli ilisimama mbali, watu wakapelekwa kwa mitumbwi, halafu wanapandishwa. Alipoiona alisahau njaa. Akaanza kushika watoto na kuwapitisha juu, akawapanga wakina mama, akawaambia wazee wakae katikati mtumbwi usilale. Kamba ilipofunguka aliifunga yeye. Baharia mmoja akamwuliza: "We ulikuwa meli gani?" Akajibu: "Hii."

"Nilidanganya," alituambia, "lakini si sana."

Ndani alikaa sakafuni kama wengine, mtoto mgonjwa miguuni. Hakuendesha. Usukani hakuuona. Tukamwuliza, ulisikia uchungu? Akanyamaza kidogo, akasema: "Nilisikia uchungu, ndiyo. Lakini kila mtu pale alikuwa anapelekwa. Mimi peke yangu nilikuwa nasafiri."

MANENO YETU KWA WAZAZI

Ndugu zetu, maneno hayo ndiyo yaliyofanya tusicheke tena usiku ule. Kapteni hakuwa nahodha. Redio hakuwa mtangazaji. Kati ya mashofeli wote wa pale kwenye mwembe ni mmoja tu aliyeshika usukani, na aliyekaa chini ya meza ya fundi anashona mpaka leo, yuko hapa hapa kambini, mnamjua. Ndoto nyingi hazikutimia. Lakini yule mwenye ndoto alikuwa na kitu mkononi: fundo la kamba, mlio wa tairi, namna ya kukata kola. Vita ilichukua nyumba, ilichukua karatasi za shule, vitu hivyo ilishindwa kuvichukua.

Kuitwa si kitu kibaya. Tusiwakataze watoto kukutamani, na sisi wenyewe tunakutamani, nani atasema uongo? Lakini kuitwa kuko mikononi mwa mtu mwingine. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi. Mnajua familia zilizokuwa zimeshauza vyombo, zimeshaaga majirani, zikabaki zimekaa juu ya mabegi. Mwaka ule ule mgao wa chakula ukapunguzwa. Kuna kijana wa bloku ya pili aliyeacha shule wiki ile ile, anasema: "Nasoma kwa ajili gani, kesi si imesimama?" Huyo hakupoteza safari peke yake. Alikuwa ameweka maisha yake yote ndani ya neno moja, na neno likafungwa.

Angalieni wengine waliotoka kambi hii. Awer Mabil alizaliwa hapa Kakuma mwaka 1995, na mwaka 2022 alivaa jezi ya Australia kwenye Kombe la Dunia kule Qatar. Aliitwa, ndiyo, lakini alipoitwa mpira ulikuwa tayari mguuni, aliuanzia kwenye vumbi hili hili. Mwaka 2016 timu ya kwanza ya wakimbizi ilienda Olimpiki ya Rio na wanariadha kumi, watano kati yao walitoka Kakuma. Hao walichaguliwa kwa sababu siku ya majaribio walikimbia.

Lakini si wote watakuwa Mabil, na hatuandiki haya ili kila mtoto aambiwe kuwa nyota. Tunaandika kwa sababu ya jambo dogo tuliloligundua kwenye mkeka. Sisi tulitamani kazi tulizoziona. Tulimwona shofeli akigonga tairi, tulimwona baharia akirusha kamba. Mtoto wetu hapa anaona nini? Anaona foleni. Anaona baba anangoja, mama anangoja, jirani anasoma orodha kwenye ubao. Amejifunza vizuri alichofundishwa: kazi ya mtu mzima ni kungoja. Kisha tunamgombeza kwamba anakaa tu chini ya mti.

Na kazi zipo. Kuna wachomelea vyuma, kuna wachoma mikate, mafundi simu, mafundi cherehani, walimu na wauguzi wa insentivu, wanaofunga sola, mama wanaohesabu faida ya nyanya kichwani bila kalamu. Wengi wetu tulikuwa na kazi nzuri huko tulikotoka na hatuwaambii watoto, kwa sababu tukianza kuzungumza koo linajaa. Tunawaelewa. Hata sisi ilichukua miaka thelathini kumtaja Kapteni kwenye gazeti. Lakini mtoto asiyejua baba yake alikuwa nani, atamwiga nani?

KAZI YA NYUMBANI YA MWEZI HUU

Mnajua desturi yetu, hatuachani bila kazi. Mwezi huu ni mambo matatu.

Moja. Mzazi, jioni moja, umwambie mwanao wewe ulipokuwa na miaka kumi ulitaka kuwa nani, na ni nani uliyekuwa unamtazama. Usiongeze mawaidha mwishoni. Simulia tu, halafu unyamaze.

Mbili. Muulize naye. Akisema kuitwa, usimcheke wala usimkemee. Muulize: na siku utakayofika huko, asubuhi ukiamka, mikono yako itafanya nini?

Tatu. Mtafutie mtu mmoja hapa kambini anayefanya kazi hiyo au inayofanana nayo, umwombe fundi huyo mwanao akae karibu naye Jumamosi moja. Wala hatusemi afundishwe wala alipwe, akae tu aone. Ninyi mafundi, tunawaomba sana, msimfukuze mtoto aliye chini ya meza. Na shule aendelee nayo. Jumamosi ni ya fundi, siku nyingine ni za mwalimu.

Sisi wenyewe tumeshaanza. Wiki iliyopita tulirudi kwenye mchanga wa Tarach, tukawasimulia wale kumi na wawili habari za Liemba na za Kapteni. Walisikiliza vizuri. Tulipomaliza, yule aliyetuambia "si nitakuwa nimeshafika" alinyoosha mkono akauliza: "Injini yake ilikuwa inatumia nini?" Tulijua kidogo tu: zamani mvuke, baadaye dizeli. Akauliza mvuke unasukumaje chuma. Hapo, wapendwa, tulishindwa, tukasema kweli tumeshindwa. Jumamosi hii tunampeleka kwa fundi wa jenereta karibu na soko. Fundi amekubali, ameomba tu mtoto aje na nguo anayoweza kuchafua.

Mwezi ujao ni zamu ya binti zetu. Tulipokuwa tunacheka pale kwenye mkeka, dada yetu mmoja wa Bwiza, aliyekuwa anamwaga chai, alituuliza: "Na sisi, pale chini ya mwembe, nani aliwahi kutuuliza?" Tulinyamaza wote. Kwa hiyo ametukubalia kuandika yeye.

Wenye majibu ya kazi ya nyumbani wayalete kwetu kwa maandishi au kwa mdomo, tutayaandika. Kaeni salama, chemsheni maji ya kunywa, na mkiona mawingu upande wa milima waiteni watoto watoke Tarach.